Mgeni Aliyekula Firigisi

Nikiwa ugenini nikasema natoka Singida, najua kabla sijamaliza chai nitaombwa kitu kimoja kati ya vitatu: kuku wa kienyeji, dumu la mafuta ya alizeti, au mdada wa kazi. Kuku sina neno, nitatafuta. Mafuta nitabeba, hata kama begi litanuka mwaka mzima. Lile la tatu ndilo lililonichosha. Nimeombwa na mwalimu wangu wa chuo cha polisi. Nimeombwa na nesi huku ananidunga sindano, nikaitikia ndiyo kwa woga wa sindano. Mchungaji mmoja aliniomba mlangoni mwa kanisa, tena akaweka masharti: awe mcha Mungu, asiwe mlafi, asiwe na simu.

Na mimi ni askari wa dawati la jinsia na watoto. Sehemu ya kazi yangu ni kuwakamata watu wanaowasomba mabinti vijijini kwa ahadi za uongo. Kuniomba mimi mdada ni sawa na kumwomba bwana mifugo akuibie mbuzi, lakini watu hawaoni hivyo. Wanaona nina bahati, nimekaa kwenye chimbuko.

Watu wakisikia usafirishaji haramu wa binadamu wanawaza malori, pingu na majitu yenye makovu usoni. Laiti! Ningekuwa nakamata wawili kila asubuhi kabla ya chai. Sheria inamtaja msafirishaji, ila kijijini hakuna mtu wa jina hilo. Kuna shangazi, kuna mama mdogo, kuna yule mama mwema aliyemsaidia binti wa jirani. Siku moja pale stendi nilisimamisha basi lililokuwa na mama mmoja na mabinti wanne waliovaa ndala mpya za aina moja. Nikamwuliza kila mmoja huyu ni nani wake. Wote wanne wakasema mama mdogo. Nikampigia mzazi wa mmoja wao, naye akasema ni mama mdogo, afande usituharibie. Abiria wakaanza kunizomea kwamba nawachelewesha, kuna aliyeniambia niolewe nitulie, wakati nimeolewa na nina watoto wawili. Basi likaondoka nikabaki nimeshika daftari.

Kwa hiyo nilipopata kesi yenye miguu, niliishika kwa mikono miwili. Ilitokea jirani na Ilongero, upande niliozaliwa, ambako Kinyaturu changu kinaeleweka bila kutafuta maneno. Mama mmoja muuza vitenge alikuwa akipita minadani na kulala kwenye nyumba za watu. Alimchukua binti wa miaka kumi na minne akimwahidi baba yake kwamba atampeleka mjini akasomee ushonaji. Binti hakuiona cherehani hata kwa mbali. Alilala stoo, akalea watoto watatu wa watu, akanyang'anywa simu, na kwa mwaka na miezi miwili hakusikia sauti ya mama yake. Jirani wa ile nyumba ndiye aliyemshika mkono akampeleka polisi, na polisi wa huko wakamrudisha kwetu.

Siku ya ushahidi wake yule mtoto alinishangaza. Alisimama akasema yote, hatua kwa hatua, na hakimu alipomuuliza kama anahitaji kupumzika akasema hapana, anahitaji kumaliza. Mimi nilikuwa na leso tayari kwa ajili yake, nikaitumia mwenyewe. Nampenda mtoto yule, sifichi.

Lakini mshitakiwa naye hakuwa mjinga. Alisema binti alikuwa na miaka kumi na minane, na kwamba baba ndiye aliyembembeleza amtafutie kazi. Yeye alimsindikiza tu, kwa huruma. Maongezi yale waliongea wawili, yeye na baba, mke akiwa jikoni. Hivyo mtu wa kusema nini kiliahidiwa, na mgeni aliambiwa mtoto ana miaka mingapi, alikuwa baba. Na baba hakuja. Mara ya kwanza alisema ng'ombe anazaa. Mara ya pili samansi ilimkuta, akaipokea kwa heshima zote, halafu siku ikafika akaenda Ihanja kumsalimia shemeji. Hakimu akaahirisha, akamwambia wakili wa serikali kwamba safari ijayo shahidi asipoonekana atafunga ushahidi wa serikali. Mshitakiwa alikuwa nje kwa dhamana, na watu walikuwa wamekwisha kumwona mnadani na vitenge vyake.

Kijijini nako maneno yalikuwa yamezagaa. Walisema binti alitoroka kazi kwa uvivu, ndipo akatunga hadithi. Wenzake kisimani walikuwa wakimwita bosi. Nilipokwenda kumjulia hali alinisindikiza hadi njiani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Afande, baba asipokuja, mimi ndiye nitakuwa mwongo."

Basi nikaomba ruhusa ya siku moja, nikavaa kanga na raba, nikapanda bodaboda kwenda kumtafuta baba mtu. Nilimkuta na watu wake wanapiga alizeti. Walikuwa wametandaza turubai uwanjani, wamezunguka na fimbo, vumbi limewapaka nyusi hadi wote wanafanana. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akanipa fimbo. Kwetu huji kwenye alizeti ya mtu ukasimama kama mnara wa simu. Nikapiga na wenzangu hadi mabega yakaomba talaka. Mama mtu akaleta uji wa uwele, wakanitania kwamba serikali inapiga alizeti kama inabembeleza mtoto.

Tulipokaa kivulini nikaanza kumweleza sheria. Nilieleza vizuri, nasema kweli, hata kwenye mafunzo sijawahi kueleza vile. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia tatizo lake, na halikuwamo katika mafunzo yoyote niliyopewa.

Alisema yule mama alipofika alimchinjia jogoo. Si kuku tu, jogoo. Na firigisi akamwekea yeye. Msomaji ambaye hakukulia kwetu naomba anielewe hapa. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mtoto akiidokoa atakimbizwa hadi kwa jirani. Baba akiitoa kwenye sahani yake akampa mgeni, amemwambia kwamba leo hapa ni kwako. Sasa yule mzee, maana kwa makamo alikuwa wa kuitwa mzee, alikuwa anajiuliza atasimamaje mbele za watu kumfunga mtu aliyempa firigisi kwa mkono wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo alivyolelewa. Pia aliogopa kwamba sheria ikimaliza na mgeni itamgeukia mwenyeji, kwa kuwa ndiye aliyemtoa mtoto. Hilo la pili nililitegemea. La kwanza lilinikasirisha.

Mimi nina hasira za karibu, mama yangu amenisema tangu nikiwa mtoto. Nikamwuliza kama firigisi ya jogoo ni kubwa kuliko mwanawe. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu wake, na nikajua palepale nimekosa adabu. Hakunijibu kwa hasira. Alichukua punje za alizeti kiganjani, akazipuliza makapi, akaniuliza polepole, "Na yule anayekuoshea vyombo kule kwako Utemini, ana miaka mingapi?"

Nyani haoni kundule, jamani. Kwangu nilikuwa na mdada miaka miwili, na kijijini habari kama hizo hazifichiki. Alitoka upande wa Mkalama, aliletwa na shangazi yake, mpole, mikono myepesi, watoto wangu walimpenda kuliko walivyonipenda mimi. Umri wake sikuwahi kuuliza. Nilimwona mrefu, nikatosheka na urefu. Niliaga haraka, nikamwambia kijana wa bodaboda akimbize, naye akakimbiza hadi nikajuta.

Nilimkuta jikoni anachambua mlenda. Nikakaa naye chini, kitu ambacho sikuwa nimekifanya, naye akashtuka akadhani kuna msiba. Nikauliza umri. Alikuwa na kumi na sita, maana yake alipokuja alikuwa na kumi na minne, sawasawa na yule wa Ilongero. Nikauliza mara ya mwisho aliongea lini na mama yake. Akasema huwa anamwambia shangazi amsalimie. Mshahara wake nilikuwa namtumia huyo shangazi kwa simu kila mwisho wa mwezi, nikijiona mwajiri wa mfano. Tulipompata mama yake kupitia simu ya mwenye duka kijijini kwao, tukajua hakuna kilichowahi kufika, hata salamu. Na yule shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote.

Sikulia. Nilitukana, nikijitukana mwenyewe, na mume wangu akaja mlangoni kuuliza ninagombana na nani.

Asubuhi nilikwenda kwa mkuu wangu wa kituo nikajishitaki. Nilisimama wima, nikasema yote, nikamwambia achukue hatua anayoona inafaa. Alizungusha kalamu. Nikajua kazi imekwenda na maji. Kisha akaniambia nifunge mlango, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ugonjwa wake, kwamba hivi ukitaka kujua wazazi wa binti wako wapi, unaanzia wapi. Wa kwake alitoka Manyoni, na alichojua ni kwamba alishukia stendi akiwa na mfuko wa rambo.

Nikaandikiwa onyo, ambalo nalitunza. Ila habari za kituoni hazikai. Wiki ile nzima ilikuwa kichekesho. Kila aliyekuwa na beki tatu, yaani mdada wa kazi, nyumbani alikuwa anamuuliza maswali. Maafande wenye nyota mabegani walikuwa wanapiga simu kwa wenyeviti wa vijiji kuulizia mama wa fulani. Mabinti kadhaa wakaenda kwao kusalimia, na waume waliozoea kuvuta kiti wakala wakajifunza ugali. Mkuu wangu alikuja kazini na malengelenge kidoleni. Alisema mwiko umemteleza.

Mimi nikampeleka wa kwangu kwao mwenyewe. Njiani alibadilika. Basi likiwa linakaribia kwao akaanza kunionyesha mashamba, huku ni kwa nani, hapa alianguka na ndoo, akaongea kuliko alivyoongea nyumbani kwangu kwa miaka miwili. Tulipofika mama yake alimshika uso akamgeuza huku na huku kama anayetafuta alama. Nikasimama pembeni na zawadi zangu.

Na wakachinja jogoo. Niliwasihi wasichinje, wakaniona nina unyenyekevu, wakaongeza juhudi. Baba mtu akaichukua firigisi akaiweka juu ya ugali wangu. Jamani, kile kipande kilinitazama. Ndipo nikamwelewa yule mzee wa alizeti kwa mara ya kwanza. Ukila huwezi kusema, na usipokula umewatusi. Nikaitia mdomoni, nikaitafuna, na kabla sijaimeza nikawaambia ukweli. Nikasema mimi ni polisi, kazi yangu ni kuzuia mambo haya, na mtoto wenu nimekaa naye miaka miwili bila kuuliza ametoka kwa nani. Nikasema mshahara wake nilimpa mwizi, na nitaulipa upya.

Mikono ikasimama kwenye sinia. Baba mtu akanitazama, akamtazama mkewe. Kisha akasema kwa utulivu kabisa, "Kuku amechinjwa kwa ajili ya mgeni. Kosa nalo lina zamu yake. Maliza kula, ndipo tukugombeze."

Nikala. Na wakanigombeza! Bibi wa pale aliongoza kikao. Alianza na mimi, akaja kwa mama yangu aliyenilea, akamalizia na serikali nzima tangu nchi ipate uhuru. Nilinyoosha miguu mkekani nikaitikia ndiyo bibi, ni kweli bibi, kwa saa nzima. Alipochoka alinipa kikombe cha maji, akaniuliza kama watoto wangu wazima. Mdada wangu alikuwa amejificha nyuma ya mlango anacheka. Alibaki kwao, na mimi nikarudi nikiwa nimebebeshwa tetea hai aliyefungwa miguu. Nilijiona mwepesi, mwenye furaha ambayo sikuistahili, nikaimba kwenye basi hadi aliyekaa jirani akahama kiti.

Zikiwa zimebaki siku mbili kesi isikilizwe, nilirudi Ilongero. Safari hii sikueleza sheria. Nilimtaka radhi mzee kwa maneno yangu ya siku ile, halafu nikamsimulia safari yangu yote, na jogoo, na bibi, na serikali tangu uhuru. Alicheka hadi akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Akataka nirudie pale bibi alipomtaja mama yangu. Nikamwambia maneno ya yule baba wa Mkalama, kwamba kosa lina zamu yake. Akayarudia taratibu kwa Kinyaturu, kama anayeyapima uzito.

Kisha akauliza kama atafungwa. Singeweza kumdanganya, nikamwambia wakili wa serikali anamwita kama shahidi, ila mimi si hakimu. Akauliza kama hakimu atamgombeza. Nikasema huenda kidogo. Mwishoni aliuliza mahakama inaanza saa ngapi, na akarudi kwenye alizeti yake bila kuniahidi chochote.

Siku yenyewe nilifika mahakamani kabla ya mfagizi. Saa mbili ikapita. Saa tatu wakaanza kuita mashauri. Wakili wa serikali alikuwa ananitazama, nami natazama geti. Mshitakiwa alikuwa amekaa na mwanasheria wake, amevaa kitenge kizuri mno, nasema hata kama ni adui. Saa tatu na nusu zikaingia bodaboda mbili zenye rangi ya barabara. Kwenye moja alikuwa mama na binti. Kwenye nyingine alikuwa mzee, amevaa koti la harusi ya mtu fulani, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni. Nilitaka kumkumbatia. Nikampa shikamoo nikamwonyesha mlango.

Kwa kuwa kesi ilihusu mtoto, ilisikilizwa kwa faragha. Mimi nilikwisha kutoa ushahidi wangu, kwa hiyo nilikaa nje kwenye benchi, binti katikati, mama yake upande wa pili. Lakini joto lilikuwa kali, madirisha yalikuwa wazi, na mzee alizoea kuongea na watu walio upande wa pili wa shamba. Tulisikia kila neno.

Alitaja mwaka aliozaliwa binti, na mvua za mwaka ule zilivyokuwa. Alitaja ahadi ya ushonaji. Mwanasheria wa mshitakiwa akasimama kumhoji. Akamwuliza si ni kweli alimkaribisha huyu mama vizuri na kumchinjia kuku. Mzee akasema ni kweli, na alimpa firigisi, na mgeni alikula vizuri akashukuru. Hilo la kula lilikwisha siku ile ile, akasema, sasa tuko kwenye zamu ya kosa. Nikasikia mtu anakohoa kuficha kicheko, nadhani ni hakimu.

Mwanasheria hakukata tamaa. Akasema kijiji kizima kinajua kwamba huyu binti ni mvivu, alitoroka kazi, na mengine ameyatunga. Nje, binti aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake vya miguu. Mama yake akamshika goti.

"Maneno hayo ni yangu," mzee alisema. "Mimi ndiye niliyeyatembeza kijijini, kwa kuona aibu kwamba nilimtoa mtoto mwenyewe. Binti yangu hakudanganya hata neno moja. Niliyedanganya ni mimi."

Nilikuwa nimepeleleza shauri lile miezi mingi. Nimehoji wanakijiji, nimeandika maelezo, nimetafuta uvumi ule ulianzia wapi. Sikuwahi kumfikiria yeye. Nikamtazama binti, nikitegemea kuona ameduwaa kama mimi. Hakuwa ameduwaa.

Baadaye sana, mahakama ilimtia hatiani yule mama wa vitenge, na siku hiyo kituoni tulikunywa soda. Lakini nikiulizwa tulishinda lini, mimi nasema ni asubuhi ile pale kwenye benchi, mlango ulipofunguka mzee akatoka, koti limelowa jasho mgongoni. Alisimama mbele ya binti yake. Akasema kwa Kinyaturu, "Ni mimi niliyesema."

Binti akamjibu, "Nilikuwa najua, baba."

Sijawahi kumsikia mwanamume wa rika lile, kwetu, akimwomba mtoto wake msamaha. Baba yangu mwenyewe aliniomba radhi mara moja tu maishani, kwa kuninunulia viatu bila kusema ni vya nini. Huyu alivua kofia, akasema nisamehe, wazi, mbele ya watu waliosubiri mashauri yao ya mipaka na mirathi. Mtoto akaenda akajifuta machozi kwenye lile koti. Na mama mtu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika sokoni.

Karani akatoka amekunja uso, akauliza ni nani anayepiga vigelegele mahakamani, na askari aliyepo anafanya nini. Askari aliyepo alikuwa mimi. Nikasimama na sare zangu, nikanyoosha kofia, nikamwambia mhusika ni mimi, maana kufikia hapo kweli nilikuwa nimekwisha kukipokea kigelegele kile na kukipiga.